Kabureta ya boya, Bing pacha au injeksheni? Linganisha njia nzima ya hewa

Anayejenga ndege ndogo, au anayetafuta ya kununua, hakawii kufika kwenye swali la kabureta au injeksheni, yaani mfumo wa kunyunyizia petroli kwa presha. Swali ni halali, ila limeanzia katikati. Kabureta haiumbi nguvu. Kazi yake ni kupima petroli kulingana na hewa iliyopita kooni mwake. Hewa hiyo ikifika imeshapashwa moto na silinda, au imepinda kona kali karibu na mdomo, au ina presha tofauti na ile iliyo juu ya boya (kielea kinachodhibiti petroli ndani ya bakuli la kabureta), hata kabureta mpya kabisa itapima kombo. Ndiyo maana hapa nalinganisha mifumo mizima, tangu tundu la kuvutia hewa hadi kwenye vali, na nitasema wazi ningechukua upi kwa ndege ipi.

Injini ninazozifikiria ni zile za kati ya nguvu farasi 60 na 180: Continental O-200, Lycoming O-320 na O-360, Rotax 912, na Volkswagen zilizogeuzwa kuwa za ndege.

Hewa ya ndani ya boneti, au ya nje?

Njia rahisi kuliko zote ni kuvalisha filta ya umbo la pia moja kwa moja kwenye mdomo wa kabureta na kuiacha ivute hewa iliyomo ndani ya boneti. Rotax 912 nyingi zimefungwa hivyo. Hakuna bomba la kupasuka wala kisanduku cha kutia ufa, uzito ni mdogo, na kwa kuwa hewa ile tayari ina joto, barafu haipati nafasi kirahisi kooni mwa kabureta. Ukifungua boneti unaona kila kitu mara moja.

Hasara yake haionekani ndege ikiwa imeegeshwa. Hesabu inayotumika ni kwamba kila joto la hewa inayoingia likipanda kwa nyuzi 5.5 hivi za Selsiasi, injini hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu zake. Hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta na mapezi ya silinda inaweza kuizidi ya nje kwa nyuzi 30. Hapo asilimia 5 zimeshakwenda: injini ya nguvu farasi 100 inaruka ikiwa na 95. Uwanja ukiwa mfupi, uko juu, na jua ni la saa nane mchana, farasi hao watano ndio tofauti ya kuvuka miti ya mwisho wa uwanja kwa raha au kwa dua.

Njia ya pili ni kuleta hewa ya nje kwa bomba hadi kwenye kisanduku cha hewa, chenye filta na ulimi wa kubadilishia hewa ya moto. Hapa ndipo wengi hutekwa na sifa za mdomo unaotazama mbele, eti hewa itasukumwa ndani ya injini kama turbo ya bure. Piga hesabu kwanza. Kwa mwendo wa noti 100 (maili za baharini kwa saa) usawa wa bahari, presha yote inayotokana na mwendo ni kama paskali 1,600, yaani asilimia 1.6 tu ya presha ya hewa yenyewe. Hiyo ni kama ungeivuna yote, na huwezi, kwa sababu filta na kona za bomba zinakula sehemu yake. Unapopanda kwa noti 60, dakika zile unazohitaji nguvu kuliko wakati wowote, inashuka hadi paskali 580 hivi, nusu ya asilimia na ushee. Kwa ndege ya kasi kama RV (ya kujijengea, ya kampuni ya Van's) inayokwenda noti 160 mambo ni mengine: unapata karibu paskali 4,100, kama asilimia 4, na ndiyo maana wenye RV hawachoki kuitengeneza upya midomo yao ya hewa.

Kwa ndege ya mwendo wa kawaida, basi, ubaridi wa hewa una thamani kuliko msukumo wake. Ukileta hewa baridi kwa bomba pana lenye kona pole na filta kubwa, umeshapata sehemu kubwa ya faida hata kama mdomo umekaa ubavuni na hautazami mbele. Kuna wanaoongeza mlango wa kuruka filta wakiwa angani ili wavune na hicho kidogo kilichobaki. Kwa anayetua kwenye vumbi na nyasi sioni sababu: mlango ukisahaulika wazi mara moja tu wakati wa kutua, mchanga utakaoingia utakula pete za pistoni kwa gharama isiyolingana kabisa na noti mbili za mwendo.

Na bomba lenyewe usilidharau. Yale ya kitambaa chenye waya wa springi huja ya tabaka moja na ya tabaka mbili. La tabaka mbili ni laini ndani na hewa hupita vizuri, lakini bitana yake inaweza kubanduka ikavutwa na kuziba njia huku kwa nje bomba likionekana zima. Kwenye upande wa kuvuta hewa ya injini mimi ningetumia la tabaka moja, fupi, au bomba gumu lililoundwa kwa kipimo.

Kabureta ya boya

Hii ndiyo iliyo chini ya tumbo la injini nyingi za mafunzo duniani: Marvel-Schebler MA-3SPA kwenye O-200 ya Cessna 150, MA-4SPA kwenye O-320. Bakuli, boya, sindano, koo jembamba, bomba la kumwagia petroli, na pampu ndogo ya kuongeza mafuta ghafla rubani anaposukuma mkono wa mafuta, ule wa kuongezea nguvu. Inaridhika na presha ndogo kiasi kwamba kwenye ndege ya bawa la juu petroli hushuka kwa uzito wake tu. Mchanganyiko wa petroli na hewa anaupanga rubani mwenyewe kwa mkono mwekundu. Vipuri vinajulikana, na mafundi wanaoifahamu hawahesabiki.

Udhaifu wake wa kwanza ni mgao. Kabureta moja inalisha silinda nne kupitia mabomba yasiyolingana, na matone mazito ya petroli hayakati kona sawa na hewa. Matokeo yake silinda moja inapata mchanganyiko mzito, nyingine mwepesi. Ukipunguza petroli ili kuokoa, injini inaanza kutetemeka kwa sababu ya ile silinda yenye njaa zaidi, wakati nyingine bado zinakunywa kupita kiasi. Ukiwa na vipimo vya joto la ekzosi kwa kila silinda utaliona hili waziwazi. Ukiwa huna, utalilipia kwenye petroli bila kujua.

Udhaifu wa pili ni barafu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kabureta ya boya inaposhindwa au kushinda.

Petroli inapogeuka mvuke inanyonya joto, na hewa inapopanuka kooni inapoa tena. Kwa pamoja zinaweza kushusha joto kwa zaidi ya nyuzi 30. Ndiyo maana barafu haihitaji siku ya baridi. Hatari kubwa iko hewa ya nje ikiwa chini ya nyuzi 21 na unyevu ukizidi asilimia 80, lakini inaweza kuganda hata kwenye nyuzi 38 unyevu ukiwa asilimia 50 tu. Rubani wa nchi za joto anayedhani hayamhusu anajidanganya. Kwenye propela isiyobadilika dalili ni mizunguko kushuka polepole bila mkono kuguswa. Wengi husukuma mkono wa mafuta mbele kidogo, wakaendelea na safari, na hivyo kuificha dalili yenyewe. Kwenye propela inayojirekebisha mizunguko haisogei, ni presha ya kwenye bomba la kuingizia ndiyo inayoshuka.

Dawa ni kuvuta hewa kutoka kwenye jaketi la bati lililozunguka ekzosi. Unapoivuta, mizunguko inashuka kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi. Kama kulikuwa na barafu, injini itakwaruza na kukohoa inapoyameza maji yaliyoyeyuka, kisha mshale utapanda juu ya ulipokuwa. Ni katika sekunde hizo za kukohoa ndipo wageni hurudisha hewa baridi kwa hofu, na barafu ikabaki palepale. Ivute yote, iache ifanye kazi. Nusu nusu bila kipimo cha joto kooni inaweza hata kuyafikisha majimaji kwenye joto la kuganda.

Sasa ulinganisho wenyewe. O-200 na O-320 zote zina kabureta ya boya, lakini hazifanani mbele ya barafu. Kwenye O-320 kabureta imefungwa kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na mabomba ya kuingizia yanapita ndani ya oili ya moto, hivyo mchanganyiko unapata joto kidogo la bure. Kwenye O-200 kabureta inaning'inia mbali na oili na hailipati. Cessna 150 imejipatia jina la kupenda barafu kwa sababu hiyo. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema kabureta ya boya haina shida ya barafu, au inayo sana, muulize kwanza imefungwa kwenye injini gani.

Ukijenga mwenyewe, usibane jaketi la hewa ya moto ili kuokoa uzito. Kwa injini ya kawaida isiyo na turbo, yenye kabureta ya koo, kanuni za Marekani zilizotumika kuidhinisha ndege nyingi ndogo zilitaka kipasha hewa kiweze kuongeza nyuzi 50 za Selsiasi hewa ya nje ikiwa chini kidogo ya sifuri na injini ikiwa kwenye asilimia 75 ya nguvu. Bati dogo lililozungushwa kwenye kipande kifupi cha bomba la ekzosi halifiki huko. Kumbuka pia kwamba kwenye ndege nyingi hewa hiyo haipiti kwenye filta, hivyo ikiwa chini kwenye vumbi iguse kwa majaribio tu kisha uirudishe.

Jambo moja dogo kuhusu kuwasha: kupampu mkono wa mafuta kabla starta haijaanza kuzungusha injini kunamwaga petroli kooni, na kwa kuwa kabureta iko chini ikitazama juu, petroli hiyo inatiririka kwenye kisanduku cha hewa na filta. Injini ikirudisha moto, umepata kuni tayari.

Bing pacha kwenye Rotax

Rotax 912 za kabureta, ile ya farasi 80 na ile ya 100, zina kabureta mbili za chapa ya Bing, modeli ya 64, moja kila upande, kila moja ikilisha silinda mbili, na bomba la kusawazisha linaziunganisha. Hizi hufanya kazi kwa namna tofauti. Mkono wa mafuta unafungua kipepeo tu, yaani kibao cha kuruhusu hewa kooni. Pistoni yenye sindano inainuliwa na diaframu ya mpira kadiri mvuto wa hewa unavyotaka. Kwa hiyo kimo kikiongezeka kabureta inajirekebisha kwa kiasi kikubwa, na mkono wa mchanganyiko haupo kabisa. Kwa rubani ni raha. Kwa anayependa kupanga kila tone la petroli mwenyewe, ni kama amefungwa mikono.

Choki yake si kipepeo cha kuziba hewa, ni njia ya pembeni ya kuongeza petroli, na inafanya kazi tu mkono wa mafuta ukiwa umerudishwa kabisa. Ukiusukuma kidogo wakati wa kuwasha injini baridi, kama ulivyozoea kwenye Lycoming, choki inazimika na utazungusha starta hadi betri ilie. Na kebo ikikatika, springi zinaifungua kabureta hiyo yote, si kuifunga. Hilo limekusudiwa, maana ni heri nguvu nyingi kuliko hakuna. Lakini upande mmoja ukibaki umefunguka wote huku mwingine ukirudi taratibu, mtetemo wake utakushtua.

Uwili ndio gharama. Kabureta mbili lazima zisawazishwe kwa vipimo viwili vya mvuto, kwenye mzunguko wa chini na tena juu kidogo ya hapo, na kazi hiyo inarudi kila baada ya muda. Zisiposawazishwa, upande mmoja unavuta mwingine unasukumwa, na anayeumia ni giaboksi. Maboya nayo yanataka macho: yakianza kunyonya petroli yanazama, bakuli linafurika, na petroli inatoka kwenye tundu la kupumulia. Rotax yenyewe ilitoa maelekezo ya kuyapima kwa mizani: mawili ya kabureta moja yasizidi gramu 7. Vikalio vya mpira vinavyoshika kabureta hupasuka kwa uzee, na ufa kule unaingiza hewa isiyopimwa. Chini ya kila kabureta ni lazima kuwe na sahani ya kukinga petroli, kwa kuwa ekzosi iko chini yake.

Lakini kinachowasumbua wajenzi kuliko yote hayo ni kijibomba cha kupumulia cha bakuli. Bing inalinganisha presha ya juu ya boya na ya kooni. Presha ya kwenye bakuli ikizidi ile ya mdomo wa kabureta, petroli inasukumwa zaidi na mchanganyiko unakuwa mzito, ikipungua, mwepesi. Chukua injini iliyokuwa inakwenda vizuri, hamisha ncha ya kijibomba hicho hadi mahali upepo unapopita kwa kasi ndani ya boneti, na ukiwa ardhini injini itanguruma kama kawaida. Ukiwa angani, mwendo ukiongezeka, joto la ekzosi linapanda na hakuna aliyegusa jeti, vile vitundu vya kupimia petroli. Fundi atabadilisha plagi, atabadilisha sindano, atakula wiki nzima.

Hiyo ndiyo sababu yangu ya kupendelea kisanduku cha hewa cha kiwandani kwa Rotax badala ya filta mbili za pia: kabureta zote zinavuta kutoka sehemu moja tulivu, vijibomba vinapumulia humo humo, na presha zinapanda na kushuka pamoja. Hewa baridi ni nyongeza. Filta za pia nitazikubali kwenye ndege nyepesi ya mwendo mdogo, ambayo boneti yake haina upepo mwingi ndani, na mjenzi asiyetaka kuongeza mabomba.

Bodi za slaidi

Kwa Volkswagen na injini nyingine za wajenzi kuna aina isiyo na bakuli wala koo: slaidi inafunguka, na petroli inatoka kwenye bomba lenye matundu au kupitia sindano. Ellison na AeroInjector ni majina yanayotajwa sana. Ni nyepesi, haina boya la kuzama, na barafu huishika kwa shida zaidi, ingawa si kwamba haiishiki kamwe. Tabia yake ni kuchagua hewa. Ukiweka kona kali mbele ya mdomo wake tu, hewa inaingia imeegemea upande mmoja na silinda za upande huo zinapata mgao tofauti. Ukimpa mtu anayependa kutyuni, atafurahi nayo. Anayetaka kufunga na kusahau aiache.

Injeksheni

Injeksheni ya kimakenika, kama ile ya aina ya RSA kwenye Lycoming IO-360, hupima hewa kwa diaframu na kupeleka petroli kwenye kigawanyo, kisha bomba jembamba kwa kila silinda hadi karibu na vali. Petroli haigeuki mvuke kooni, kwa hiyo barafu ya kabureta inaondoka kwenye orodha ya wasiwasi. Mgao unakuwa mzuri, na nozeli zikilinganishwa unaweza kupunguza petroli hadi upande wa pili wa kilele cha joto la ekzosi bila injini kutetemeka. Cessna ilipoanza tena kuunda 172 mwaka 1996, ilikuja na injeksheni, na kabureta haikurudi.

Kinachobaki ni barafu ya nje na uchafu kuziba filta, ndiyo maana kunakuwa na mlango wa hewa ya akiba unaofunguka wenyewe kwa mvuto au kwa kuvutwa na rubani. Na kuna bei nyingine ya kulipa. Mfumo huu unataka presha kubwa, hivyo pampu ya injini na ya umeme zote ni za lazima, bawa likiwa juu au chini. Kuiwasha ikiwa bado ya moto ni sanaa: dakika chache baada ya kuzima, petroli kwenye mabomba membamba juu ya silinda imechemka na kuwa mvuke, na rubani aliyezoea kabureta atahangaika mbele ya abiria wake. Matundu ya nozeli ni madogo sana, na chembe moja ya uchafu inatosha kuikosesha silinda petroli.

Ya kielektroniki, kama Rotax 912 iS iliyotoka mwaka 2012, inaondoa hata kazi ya kusawazisha. Kompyuta zenye njia mbili zinapima na kupanga, na matumizi ya petroli ni madogo kuliko ya ndugu yake wa kabureta. Ila injini sasa inaishi kwa umeme. Kwenye O-320 yenye magneto, zinazotoa cheche bila kutegemea betri, unaweza kuzima swichi kuu ya umeme na propela ikaendelea. Kwenye iS umeme ni sawa na petroli, na ndiyo maana ina jenereta mbili. Fundi wako asipokuwa na kompyuta na programu ya kusomea hitilafu, usiikaribie.

Ningechukua ipi

Ndege ya bawa la juu, mwendo wa noti 90 hadi 110, viwanja vya vumbi, fundi mwenye zana za kawaida: kabureta ya boya kwenye Lycoming, hewa ya nje kwa bomba fupi, filta kubwa, jaketi pana la hewa ya moto. Ukiwa na O-200 iwe hivyo hivyo, lakini ongeza kipimo cha joto kooni na uvute hewa ya moto mapema.

Ndege nyepesi yenye Rotax: Bing na kisanduku cha kiwandani, kama uko tayari kusawazisha kabureta na kupima maboya. Kama unasafiri masafa marefu na huduma ya kompyuta iko karibu, iS.

Ndege ya kasi ya bawa la chini inayosafiri juu: injeksheni ya kimakenika, mdomo wa hewa unaotazama mbele, kwa sababu ni kwa mwendo huo tu ndipo msukumo unalipa.

Na ukienda kukagua ndege ya kabureta iliyotumika, washa injini, ipande hadi mizunguko ya kukagulia magneto, kisha vuta hewa ya moto yote. Mshale lazima ushuke waziwazi. Usiposogea, kuna mambo mawili: ama ulimi haufunguki na huna kinga ya barafu, au haufungi vizuri na injini imekuwa ikivuta hewa ya moto isiyochujwa siku zote. Fungua boneti, mwambie mwenzako avute na kurudisha mpini, na uutazame ulimi wenyewe ukigonga pande zote mbili kabla hamjaanza kuzungumza bei.